Kombe la Dunia Nyumbani kwa Loro

Kosa la Lokule lilikuwa kuandika barua kabla ya kufungua boksi.

Boksi lenyewe lilikuwa la kumtoa mtu udenda. Lilikaa juu ya kaunta ya duka la Ondoga pale Oraba, mpakani, kati ya sabuni za mche na mikebe ya maziwa ya unga, na juu yake amechorwa mchezaji aliyepaa hewani kama ametupwa na bomu, jasho linamchuruzika, mpira unawaka moto mguuni. Nyuma yake, bendera juu ya bendera.

"Kombe la Dunia yote iko humu ndani," Ondoga alisema, akilipigapiga boksi mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe. "Timu yote. Hata Uganda."

"Hata Uganda?"

"Mimi nakudanganya juu ya nini? Unachomeka kwa TV, basi."

Lokule alitoa redio yake, ile aliyozawadiwa alipomaliza sekondari Arua, akaiacha kwenye kaunta ya Ondoga ikiendelea kuongea peke yake, akapanda lori na boksi lake mapajani. Lori halijafika Koboko kwao, barua ilikuwa imeshakamilika kichwani.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa Driciru. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Mvara, Arua, msichana wa maneno machache, na kila Lokule alichomwambia alikipima kama daftari la mwanafunzi mtoro. Miaka miwili walikuwa wakiandikiana. Mwaka huo, 1995, Lokule alimwomba ruhusa wazee wa Koboko waende kwao Mvara kusema maneno ya ndoa. Jibu lilikuja kwa mwandiko ulionyooka kama ubao wa shule: "Watu wa kwetu wanasema kijana wa Koboko ana mdomo mkubwa kuliko nyumba yao. Basi niandikie vitu kumi vilivyopo kwenu, bila chumvi. Jumapili itakayofuata, kaka yangu Ocama atakuja kuviangalia. Akikuta ni kweli, wazee wako waje. Akikuta ni uongo, usiniandikie tena."

Lokule aliandika tisa vya kweli, na ilimuuma kuviandika hivyo vikavu, bila hata mzaha mmoja wa kuvipaka mafuta. Nyumba mbili za mabati. Maghala mawili ya mtama. Bomba la maji karibu. Mama asiyegombana na jirani. Mbuzi, shamba la muhogo, choo chenye mlango. Baba mkubwa aliyekuwa askari na hanywi pombe. TV. Alipofika cha kumi, kalamu ikachoka kunyooka. Akaandika: "Na Kombe la Dunia linachezwa nyumbani kwetu, gemu ya kuchomeka kwenye TV, timu zote zimo, hata Uganda, kila mtu na rangi yake." Akampa barua dereva wa pikapu ya Arua. Pikapu ilipopotea vumbini ndipo akaenda nyumbani kufungua boksi.

Sasa kuhusu hiyo TV. Ilikuwa ya baba mkubwa Loro. Aliinunua Kampala alipokuwa kwenye kambi ya jeshi, ndogo, yenye mkono wa kubebea, inayoweza kula hata betri ya gari. Mwaka 1979 watu walipokimbia vita, wengine walibeba magodoro, wengine kuku. Loro alibeba TV. Iliingia Zaire kichwani kwake, ikakaa huko miaka yote ya ukimbizi, ikarudi kichwani kwake. Tangu siku ile haikuonyesha kitu, maana Koboko hapakuwa na kituo cha kuonyesha. Ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cha kushonwa maua, na kila Jumamosi Loro aliifunua, akaipangusa vumbi, akaifunika. Lokule alikuwa ameiona mgongo na uso, lakini hakuwahi kuiona ikiwa macho.

Tahiru, fundi wa redio wa sokoni, alikuja na betri ya lori na waya za kila kabila. Akaunganisha TV na mashine ya boksini, kaseti ya gemu ndani yake na vidude viwili vya kuchezea, akanusa, akaunganisha tena. Kioo kikapiga mvua, kikapiga mistari, halafu picha ikaja.

Loro alisimama wima. Aliondoa kofia.

"Iko mzima," alisema. Tangu jeshini alikataa kuachana na Kiswahili chake, hata mbuzi aliwaamrisha kwa hicho. "Mimi nilisema. Watu wanacheka mimi miaka kumi na sita. Angalia. Iko mzima."

Lokule aliangalia. Mbele yake palikuwa na bendera nane, na zote nane zilikuwa na rangi ya majivu. Nyingine majivu makavu, nyingine majivu yaliyomwagiwa maji.

"Baba mkubwa, rangi iko wapi?"

"Rangi gani?"

"Rangi. Nyekundu, kijani..."

"Mimi nilinunua TV," Loro alisema. "Sikununua rangi."

Tahiru akainama kufunga begi lake, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikimeza kwa heshima.

Kama ingekuwa rangi tu, mtu angevumilia. Lakini gemu yenyewe! Yule bwana wa jasho na moto hakuwamo. Waliokuwamo ni vijitu kama punje za maharage, sita kila upande, wote na sura moja, wanakimbia mikono imenyooka kama wamebeba ndoo. Mpira ulikuwa wa pembe nne. Golikipa alitembea juu na chini, juu na chini, kama askari wa zamu aliyelala amesimama. Ukipiga akiwa juu, unafunga chini. Mtangazaji hakuwapo, ila mlio mmoja wa kilio cha mbu. Maandishi yalikuwa ya nchi ambayo hata Tahiru hakuijua, kama nyayo za kuku kwenye matope. Na Lokule alizipitia zile bendera nane mbele na nyuma, mara tatu, akitafuta ndege wa bendera ya Uganda, akakosa hata unyoya.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kufikia jioni hiyo barua ilikuwa imeshafika Mvara. Ocama alikuwa anakuja Jumapili.

"Mwambie tu kwamba ulikosea," alisema mama yake, Mariam Poni, akipepeta mtama.

"Mama, barua yake inasema uongo mmoja, basi. Hakuna kuandika tena."

"Kwani ulikuwa unatafuta mke au unauza gemu?"

Lokule alikuwa ameanza kuona kwamba majivu nayo yana baraka zake. Bendera zote zimefanana. Nani atasema hii si Uganda? Usiku huo alilala vizuri kuliko alivyostahili.

Ocama alifika Jumapili kabla ya chakula, shati limepigwa pasi, barua imekunjwa kwenye mfuko wa kifua na kalamu imechomekwa kando yake kama ya karani wa kodi. Alikuwa mtu mrefu wa vituko vya polepole. Shuleni walisoma pamoja, Ocama akiwa kapteni wa timu na Lokule akiwa mtu wa kushika nguo za wachezaji.

"Refa!" alimwita, jina lile lile la utani la shule, alilopewa kwa kubishia kila bao akiwa nje ya uwanja. "Bado uko na mdomo?"

"Iko, shemeji. Nimeiosha kwa sababu yako."

"Usiniite shemeji. Bado sijaangalia choo."

Akaangalia choo. Akafungua mlango, akaufunga, akatia alama kwenye barua. Akaingiza mkono kwenye ghala la kwanza mpaka begani, akaingia la pili, akatia alama. Akahesabu mbuzi. Akaenda kwenye bomba la maji na kuwauliza wanawake waliopanga foleni kama Mariam Poni ni mgomvi. Wakamwambia hapana, ila ana jogoo mgomvi. Alama. Kila kalamu ilipogusa karatasi, Lokule alihisi kama anapimwa shingo ya shati.

Mariam Poni alipata nafasi ya kumvuta mwanawe jikoni wakati Ocama akinawa mikono.

"Mkicheza ile kitu yenu, usimpige."

"Mama!"

"Mtu ametumwa kuangalia nyumba, amekula kuku wako, halafu unampiga mbele ya baba yako mkubwa? Akifika kwao atasema nini? Atasema hawa watu wana kiburi. Mgeni wa ukweni hashindwi. Mwachie."

Lokule alikubali. Ukweli ni kwamba kushindwa kulikuwa ufundi wake tangu shule.

Walipomaliza ugali wa muhogo, kuku, na kunde zilizoungwa kwa simsim, ule ufuta wa kusaga, Loro alifunga mapazia ili picha ionekane, akafunua TV taratibu kama anavyofunuliwa bibi harusi, akaketi katikati mikono magotini. Ocama akatazama TV, akatia alama. Halafu akasoma kwa sauti: "Timu zote zimo, hata Uganda, kila mtu na rangi yake." Akainua macho kwenye kioo.

"Rangi?"

"TV hii ni ya zamani kidogo, shemeji. Rangi iko ndani ya kaseti, ila inakataa kutoka."

"Haya. Uganda?"

"Hii hapa." Kidole cha Lokule kilitua kwenye bendera yenye mistari kabla akili haijakizuia.

Ocama akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Ndege iko wapi?"

"TV ni ndogo. Ndege haikutosha."

Loro akakohoa. Ocama akamtazama Lokule, akatazama bendera, akatia alama. Kumi juu ya kumi. Lokule alitegemea kufurahi, na akashangaa kujikuta akiitazama ile alama ya mwisho tu.

"Basi mimi nachukua Uganda," Ocama alisema. "Wewe chukua mtu mwingine."

Wakaanza. Lokule alikuwa analinda goli la kushoto, Ocama la kulia. Filimbi ya mbu ikalia, na hakuna aliyesogea. Lokule alikuwa amesubiri Ocama auchukue mpira apite nao. Ocama naye, kwa sababu zake, alikuwa anasubiri vilevile. Wale watu wa maharage walisimama katikati, wanatazamana, mpira uko kati yao kama kitu kilichoangushwa na mtu mwingine.

"Hii ni mpira ama ni paredi?" Loro aliuliza.

Ikabidi mtu afanye kitu. Lokule aliuchukua mpira, akafikiri, akageuka na kuukimbiza nyuma, kushoto, kwenye goli lake mwenyewe. Ataingiza mwenyewe, mgeni apate bao, heshima ibaki. Lakini alipokaribia, kijitu kimoja cha Ocama kikaja mbio na kumnyang'anya pale pale mdomoni mwa goli. Sasa atafunga, Lokule aliwaza, na kuachia kidude. Ocama hakufunga. Aligeuka, akakimbia uwanja mzima kwenda kulia, kwenye goli lake Ocama. Lokule akashtuka, huyu akijifunga, mwenye nyumba atakuwa ameshinda! Akamfuata, akamnyang'anya, akarudi na mpira kushoto. Ocama akamfuata tena.

Kwa Loro, aliyekuwa hajui goli gani ni la nani, ilikuwa mechi kali kuliko zote alizowahi kuona. Alipiga magoti yake kwa viganja. "Shambulia! Rudi, rudi, rudi! Eeh, mutu hii iko na mapafu! Poni, kuja uone!"

Mariam Poni akaja na mwiko mkononi. Jasho lilikuwa linawatoka wachezaji wote wawili, kama la yule bwana wa kwenye boksi. Ilitimia dakika ya nne hivi ndipo mpira, baada ya kugombewa na maharage manne, ulipomponyoka kila mtu, ukampita golikipa wa kushoto aliyekuwa juu, ukaingia chini.

"Gooooli!" Loro alisimama. "Nani amefunga?"

"Yeye," alisema Lokule.

"Yeye," alisema Ocama.

Wale maharage walikuwa wanarukaruka kwa furaha, ila walikuwa wote wa majivu, na hata Mungu angehitaji miwani.

"Hongera, shemeji," Lokule alisema, akimpa mkono.

"Hongera mimi juu ya nini? Nimeona mguu yako mwenyewe."

"Mguu wangu ulikuwa mbali! Bao ni lako."

"Ni lako, bwana, usinisukumie."

Loro alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Uso ukaacha kucheka.

"Simama. Nyinyi wote mbili."

Wakasimama, vidude mikononi.

"Mimi nimekaa jeshi miaka kumi na mbili. Nimeona watu wanapigana juu ya ushindi. Sijaona watu wanasukumia mwenzake ushindi kama ugali ya jana. Nani hapa iko na uongo?"

Ocama akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa mwili wote mpaka akashika ukuta.

"Mzee, nisamehe. Ni mama yangu. Aliniambia, 'Ukienda kula kwa watu, usiwashinde kwa kitu chochote ndani ya nyumba yao. Hata wakikukimbiza, anguka.' Nikasema basi, nitajifunga."

"Na wewe?" Loro akamgeukia Lokule.

"Mama aliniambia nimwachie."

Mariam Poni alipiga makofi na mwiko ukaanguka. "Huyo mama yako wa Mvara, mwanangu, mimi na yeye tutaelewana!" Loro akajaribu kukasirika, akashindwa, akakaa. Nyumba nzima ilikuwa inacheka, na vilikuwa vicheko vya watu wa nyumba moja.

Hapo Lokule angenyamaza, mambo yangeishia vizuri. Alama kumi zilikuwa mfukoni mwa Ocama. Lakini aliuona ule mfuko ukipanda na kushuka kwa kicheko, na mdomo wake uliozoea kukimbia mbele, leo ukatembea kama umebeba gunia.

"Shemeji. Na Uganda haiko."

Ocama akaacha kucheka kidogo kidogo, kama injini ya kinu inayozimwa. "Ile bendera?"

"Sijui ni ya nani. Uganda haimo kabisa. Niliandika barua kabla sijafungua boksi. Mwenye duka alisema iko, na mimi nikataka iwepo."

"Na rangi?"

"Rangi iko ndani ya kaseti, TV ndiyo..." Akajikatiza. "Hapa rangi haiko."

Ocama alitoa barua, akaikunjua juu ya meza, akachomoa kalamu. Hakuandika. Alimpa Lokule kalamu.

"Futa wewe."

Lokule alipiga mstari juu ya cha kumi, kuanzia "timu zote" mpaka "rangi yake". Ocama akaikunja barua na kuirudisha mfukoni, akafunga kifungo.

"Sasa cheza kweli," Loro aliamuru. "Mtu apigwe."

Wakacheza kweli, na hapo ndipo gemu ilipojulikana ilivyokuwa mbovu. Ukisimama mahali pamoja, karibu na kona ya juu, ukipiga, unafunga. Kila mara. Ocama aligundua, Lokule akagundua, wakafungana kumi na moja kwa kumi na moja bila hata mmoja kusogea kutoka kona. Kisha mashine ikakwama na maharage wote wakatembea kwenda nje ya uwanja kama watu wanaotoka kanisani.

"Refa," Ocama alisema akiweka kidude chini, "hii kitu ni ya kupea watoto adhabu."

"Nilitoa redio yangu juu ya hii."

"Redio nzima?"

"Na betri zake."

Ocama akamshika bega, akamwonea huruma ya kweli, ya mwanamume aliyewahi kumiliki redio. Wakatoka nje kumsaidia Mariam Poni kupukuchua karanga mpaka wakati wa pikapu. Loro hakutoka. Alikuwa amegundua kwamba ukiiacha gemu bila kuigusa, inajicheza yenyewe. Aliketi peke yake gizani mwa mapazia, mikono magotini, akiwatazama watu wa majivu wakikimbia na ndoo zao, mpaka betri ikaisha.

Wiki ya kwanza ikapita bila barua. Ya pili nayo. Lokule alitaka kuirudisha mashine Oraba, walau apate redio ya kumsahaulisha, lakini Loro alikataa katakata: TV imekuwa kipofu miaka kumi na sita, nani atathubutu kuitoboa macho tena? Hivyo Lokule alikaa bila redio, bila jibu, na kila jioni na ile sauti ya mbu. Watu walimwona hana utani, wakauliza kama ana malaria.

Wiki ya tatu dereva wa pikapu alileta bahasha. Ndani hamkuwa na barua mpya. Ilikuwa barua yake mwenyewe, imerudishwa, na kando ya kila kitu kimoja palikuwa na alama ya wino mwekundu, iliyonyooka. Choo: sawa. Mbuzi: sawa. Kwenye kile cha kumi, juu ya mstari alioupiga yeye, mwalimu alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "Kosa. Mwanafunzi amelisahihisha mwenyewe." Chini kabisa, ndani ya duara: tisa juu ya kumi. Na chini ya duara: "Wazee wako waje Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya mtama. Wasije na TV."

Lokule aliisoma kimya mara mbili, kisha akawasomea nyumbani kwa sauti, polepole. Mariam Poni alipiga kigelegele mpaka jogoo wake akajibu.

Loro, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa ukoo siku hiyo ya kwenda Mvara, alisogeza kiti chake karibu.

"Soma tena ile ya mwisho," alisema.

"'Wasije na TV.'"

Loro aliitazama meza, akanyoosha kitambaa cha maua mahali kilipokuwa kimejikunja.

"Huko Mvara," aliuliza, "nani iko na betri?"